Manesi, hospitali binafsi na maafa: maswali tunayoulizwa kila mara

Haya ni maswali ambayo sisi wakufunzi tunaulizwa na manesi, matroni na wamiliki wa hospitali binafsi, Dar na mikoani, kuhusu mafunzo ya kujiandaa na maafa na dharura kubwa. Mengine majibu yake marefu manake ndo yenye ubishi, mengine mstari mmoja unatosha.

Hospitali yetu ina vitanda 40 tu na ni ya mtu binafsi, maafa si kazi ya Muhimbili na hospitali za rufaa?

Hili linaulizwa kila mahali, na mara nyingi anayeuliza ni mmiliki, sio nesi. Siku ya tukio hakuna anayewapanga majeruhi kistaarabu kwamba nyie nendeni huku na nyie kule, wanabebwa na bajaji, bodaboda, pikapu ya mtu aliyekuwa anapita zake, na dereva anakimbilia geti la kwanza analoliona lina kibao cha hospitali. Ndege ya Precision ilipotumbukia Ziwa Victoria pale Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 ikiwa na watu 43, wavuvi wa pale na mitumbwi yao ndo walikuwa wa kwanza kuokoa watu. Barabarani na sokoni ni hivyo hivyo, anayeanza kubeba ni aliyekuwa karibu.

Majirani zetu Nairobi wamelipitia hili zaidi yetu. Bomu la ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998 (siku ile ile na la kwetu Dar lililoua watu 11) liliua watu 213 Nairobi na kujeruhi zaidi ya 4,000, hospitali ya Kenyatta ikafurika, na hospitali za binafsi za mjini zikajikuta zinapokea watu waliojaa vioo usoni. Miaka 15 baadae likaja shambulio la magaidi kwenye mall ya Westgate, 21 Septemba 2013, watu 67 wakauawa, na moja ya hospitali zilizopokea majeruhi wengi ilikuwa MP Shah, hospitali binafsi pale Parklands, karibu na ile mall. Kwa hiyo usiulize kama hospitali yako imepangiwa maafa, toka nje uangalie kuna nini kilomita mbili kuzunguka geti lako: stendi, soko, sheli, shule ya bweni, kiwanda, ghorofa linalojengwa. Hao ndo wagonjwa wako wa siku hiyo.

Kwa nini mnakazania manesi, si madaktari ndo wanaongoza?

Chukua kalenda uangalie. Westgate, Jumamosi. Lori la mafuta la Msamvu, Morogoro, 10 Agosti 2019, Jumamosi asubuhi. Ghorofa lililoporomoka Kariakoo, 16 Novemba 2024, Jumamosi asubuhi. Ndege ya Bukoba, Jumapili. Maporomoko ya tope Katesh, Hanang, 3 Desemba 2023, Jumapili. Sio kwamba maafa yanachagua wikiendi, mabomu ya Gongo la Mboto mwaka 2011 yalilipuka Jumatano, lakini ilikuwa usiku, na usiku na wikiendi hospitali nyingi za binafsi zina hali moja: daktari bingwa yuko onkoli nyumbani, mganga mfawidhi yuko msibani au harusini, na aliyesimama pale mlangoni na funguo za stoo (au bila funguo, tutafika huko) ni nesi wa zamu na daktari mmoja kijana.

Kwa hiyo nesi ndo atakayeamua dakika ile ya kwanza, apende asipende. Swali ni kama ana ruhusa ya kuamua. Hapa ndo mafunzo mengi yanafeli, manesi wanafundishwa vizuri, wanapewa cheti, wanarudi kazini kwenye hospitali ambayo nesi hawezi kutangaza dharura mpaka apige simu kwa mtu, naye ampigie mwingine, na mtandao siku hiyo umeelemewa. Sisi tunadai kabla hata ya kuanza darasa uongozi uandike karatasi ya mistari mitatu: nesi kiongozi wa zamu anaweza kutangaza dharura kubwa, anaweza kufungua stoo, anaweza kuita watu wote warudi kazini, na hataulizwa kwa nini kama ikija kuonekana ilikuwa ndogo. Bila hiyo karatasi unafundisha mtu kuendesha gari halafu unaficha funguo.

Mafunzo yenyewe yana nini ndani?

Inategemea hospitali ila msingi ni vitu vinne. Cha kwanza kumhudumia mgonjwa mmoja mmoja wa dharura kwa mpangilio wa ABCDE, yaani njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, fahamu, halafu kumfunua na kumkagua mwili mzima. Hapa tunatumia kozi ya WHO ya huduma ya msingi ya dharura, ile waliyoitoa 2018 na Msalaba Mwekundu wa Kimataifa, ni kama siku tano na Tanzania ilikuwa moja ya nchi zilizoijaribu mwanzoni pamoja na Uganda na Zambia. Cha pili kuwapanga majeruhi wengi kwa rangi: nyekundu anawahiwa kwanza, njano anaweza kusubiri kidogo, kijani ana majeraha madogo, nyeusi amekufa au haokoleki. Cha tatu uongozi wa tukio, nani anaamuru, nani anasimamia vifaa, nani anaongea na nje. Cha nne mazoezi, manake hivyo vitatu vikibaki kwenye slaidi vinayeyuka mwezi mmoja tu.

Hiyo ya rangi inafanyikaje hasa? Tuelezeni kwa lugha ya kawaida.

Kwa watu wazima njia inayofundishwa sana inaitwa START, ilianzia California mwaka 1983, na uzuri wake haitaki kifaa, ni macho, mikono na saa tu. Unaanza kwa sauti kubwa: anayeweza kutembea aje upande ule! Wote wanaojikokota mpaka kule ni kijani, hata kama wamejaa damu na wanapiga kelele kuliko wengine wote. Waliobaki chini unawapitia mmoja mmoja. Hapumui? Fungua njia ya hewa, akianza kupumua ni nyekundu, asipoanza ni nyeusi, unasogea mbele. Anapumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, nyekundu. Chini ya hapo shika mapigo ya kifundo cha mkono au bonyeza ukucha uachie, kama mapigo hayapo au damu inachukua zaidi ya sekunde 2 kurudi, nyekundu. Mwisho mpe amri ndogo, nibane mkono, fumba macho fumbua, akishindwa nyekundu, akiweza njano. Haitakiwi kuzidi dakika moja kwa mtu, na katikati hapo hutibu kitu zaidi ya kufungua njia ya hewa na kuzuia damu inayoruka, tena kuzuia damu unamwambia hata ndugu yake akandamize kwa kanga.

Watoto wadogo wana utaratibu wao, JumpSTART, kwa sababu mtoto mara nyingi anaacha kupumua kabla moyo haujasimama, kwa hiyo mtoto asiyepumua hata baada ya kufungua njia ya hewa lakini ana mapigo unampa pumzi 5 kabla ya kuamua, na kupumua kwake kunahesabiwa tofauti, chini ya 15 au juu ya 45 ndo nyekundu.

Sasa kitu ambacho darasani watu hawakitegemei: wanaofika kwanza hospitalini ni wale wa kijani. Ni lazima iwe hivyo, wana miguu, wamekimbia wenyewe au wamedandia bodaboda, wakati wale wabaya bado wamebanwa chini ya zege wanasubiri kuchimbuliwa. Nusu saa baadae wanakuja wekundu na wanakuta vitanda vyote vya emejensi vimelaliwa na watu wenye michubuko, na kumtoa mtu kitandani ambaye ameshawekewa dripu ni ugomvi. Kwa hiyo kijani hawaingii emejensi kabisa, wanapelekwa OPD (kwa wagonjwa wa nje), au kantini, au chini ya mwembe, popote penye kivuli, nesi mmoja na wahudumu wawili wanakaa nao, na wanakaguliwa tena kila baada ya muda manake rangi inabadilika, mtu alitembea vizuri kumbe bandama inavuja ndani kwa ndani.

Halafu msisubiri maafa ndo mtumie rangi. Emejensi ipange wagonjwa kwa rangi kila siku, hata siku ina wagonjwa sita, ili siku ikifika mikono iwe imezoea.

Kumwekea mtu rangi nyeusi na bado ana joto mwilini, si ukatili?

Ni kitu kigumu kuliko vyote kwenye mafunzo haya na hatujifanyi ni rahisi, kuna manesi wanalia kwenye zoezi tu, na aliyelala chini ni mwenzao aliyepakwa rangi. Lakini piga hesabu: dakika 20 za kumkandamiza kifua mtu mmoja ambaye hapumui ni manesi wawili au watatu wametoka kwenye kazi, na pembeni kuna mwekundu ambaye bandeji moja tu ingemwokoa. Siku ya mgonjwa mmoja tunapambana naye mpaka mwisho. Siku ya wagonjwa 30 hatuwezi. Nyeusi sio kutupwa pia, anawekwa sehemu yenye staha, anafunikwa, na mikono ikipungukiwa kazi anarudiwa kuangaliwa.

Majeruhi hana PF3, tumpokee?

Mpokee. Matibabu kwanza, fomu ya polisi inafuata, tena kwenye tukio kubwa polisi wenyewe watakuja hapo hapo hospitali. Mfundisheni mpaka mtu wa mapokezi hili, manake ndo anayewazuia watu mlangoni kwa nia njema kabisa akidhani analinda hospitali.

Na malipo je? Nani atalipa?

Swali la haki kabisa, hospitali binafsi inalipa mishahara na umeme kama biashara nyingine. Kenya wameliweka mpaka kwenye katiba yao ya 2010, ibara ya 43, kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Kwetu ushauri wangu ni huu, msijadili depoziti mlangoni siku ya tukio, dirisha la malipo lifungwe kwa majeruhi wa tukio na keshia ahamishiwe kazi ya kuandika. Aandike kila kitu, mgonjwa namba ngapi, kapewa nini, dripu ngapi, saa ngapi. Hospitali zinazokosa hela baadae mara nyingi ni zile ambazo hazina kumbukumbu yoyote ya kupeleka kwa bima au halmashauri, mtu anakuja na bili ya jumla jumla kaandika "majeruhi wengi, dawa mbalimbali", nani atamlipa? Na hayo mazungumzo ya nani analipa yafanyike mapema na mganga mkuu wa wilaya na kamati ya maafa, ambazo zipo kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Hospitali binafsi nyingi hazijawahi hata kugonga hodi huko.

Stoo iwe na nini?

Watu wanataka orodha, mimi nataka wapige hesabu. Chukua mfano wa Msamvu, lori limepinduka, watu wakaenda kuchota petroli, moto ukawaka, wakafa zaidi ya 100, na wengine wakahamishiwa Muhimbili wakiwa na majeraha makubwa ya moto. Sasa mgonjwa mmoja wa moto wa kilo 60 aliyeungua asilimia 30 ya mwili, kwa kanuni ya Parkland ya mililita 4 mara kilo mara asilimia, anahitaji lita 7.2 za RL (dripu ya Ringer's lactate) ndani ya saa 24, na nusu yake iingie saa 8 za kwanza, saa zinahesabiwa tangu alipoungua sio tangu alipofika kwako (hili linakosewa sana). Hiyo ni chupa 14 na kitu za nusu lita kwa mtu mmoja. Wakija kumi ni chupa 144. Nenda stoo sasa hivi uhesabu una ngapi. Na kila mmoja wao anahitaji katheta (mpira wa mkojo), manake bila kupima mkojo, walau nusu mililita kwa kilo kwa saa kwa mtu mzima, hujui kama hayo maji yanatosha au unamzamisha.

Oksijeni ni hivyo hivyo. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 mgonjwa mmoja akitumia lita 10 kwa dakika unaenda saa 11 na ushee, watu wanaona ni mwingi, weka wagonjwa wanne na hata saa tatu hazifiki. Konsentreta, zile mashine za kuchuja oksijeni kutoka hewani, ni nzuri ila zinakula umeme, kwa hiyo swali linahamia kwenye jenereta, na la jenereta linahamia kwenye dizeli, na dizeli iko kwenye dumu lililofungiwa ofisi ya mhasibu.

Ndo nikasema tutafika kwenye funguo. Sanduku la maafa lenye kufuli ambayo ufunguo wake anao mtu mmoja aliyelala Kibaha ni sawa na kutokuwa na sanduku. Wekeni kufuli ya kuvunjika, ile ya plastiki, anayeivunja anasaini, basi.

Damu: hospitali binafsi nyingi zinategemea Damu Salama na ndugu wa mgonjwa. Chukueni makundi ya damu ya wafanyakazi wenu mapema, muwe na orodha ya walio tayari kuchangia, na muwapeleke kuchangia mara kwa mara kupitia njia ya kawaida ili damu iwe imeshapimwa siku ikihitajika.

Mlinzi na mfanya usafi nao wakae darasani?

Ndio. Tena mlinzi akae mbele. Geti ndo chumba cha kwanza cha matibabu siku hiyo, mlinzi akiruhusu bodaboda 50, waandishi, ndugu na wenye simu za kurekodi waingie wote kwa pamoja gari la wagonjwa halipiti. Mlinzi anatakiwa ajue vitu vitatu: njia ya kuingilia na njia ya kutokea ni tofauti, ndugu wanapelekwa wapi, na nani tu anapita bila kuulizwa. Mfanya usafi naye, sakafu ikiwa na damu manesi wanateleza, hiyo sio nadharia.

Zoezi linafanywaje na wodi ina wagonjwa?

Anzeni mezani. Kaeni watu kumi, matroni, mganga mfawidhi, mhasibu, famasia, maabara, mlinzi, msome hadithi fupi: Jumamosi saa mbili asubuhi, ghorofa limeanguka mtaa wa pili, simu imepigwa, majeruhi 25 wanakuja. Kila mtu aseme anafanya nini, sio angefanya nini. Saa moja na nusu inatosha kuonyesha mashimo yote na haigharimu zaidi ya chai na vitumbua. Baadae ndo mnaenda kwenye zoezi la kuita watu, bila kutangaza mnatuma ujumbe usiku "nani anaweza kufika ndani ya nusu saa", mnahesabu majibu. Majibu yatawashangaza. Namba nyingi kwenye orodha ni za watu walioacha kazi zamani.

La mwisho ni zoezi kamili la majeruhi wa kuigiza, wanafunzi wa chuo cha uuguzi wanafaa sana, wanaigiza mpaka unaogopa. Mnawaarifu zimamoto na polisi mapema, mnawaambia wagonjwa wodini na majirani kwamba ni zoezi, mnakubaliana neno la kusimamisha kama ikija dharura ya kweli katikati. Na likiisha msikimbilie picha na keki, kaeni siku ile ile kabla watu hawajaondoka mseme kilichokwama, kila kilichokwama kipate jina la mtu na tarehe.

Magonjwa ya mlipuko nayo yamo?

Yamo, na yana sura tofauti kabisa. Ajali inapiga kelele ukiwa mbali, ugonjwa wa virusi wa Marburg unaingia kimya kama homa ya kawaida. Kagera mwezi Machi 2023 miongoni mwa waliofariki mwanzoni alikuwemo mhudumu wa afya. Somo kubwa kwa nesi hapa ni kuvua, sio kuvaa, manake kuvaa kila mtu anavaa vizuri akiwa fresh, ila kuvua umechoka, umelowa jasho, miwani ina ukungu, ndo unajigusa uso. Kwa hiyo mnafanya kwa wawili wawili, mmoja anasoma hatua kwa sauti mwingine anavua. Na chumba cha kumtenga mgonjwa kichaguliwe leo, kiwe na choo chake, kisiwe kile mlichogeuza stoo ya viti vibovu.

Na kama moto umewaka kwetu sisi wenyewe?

114 zimamoto. Wagonjwa wanaotembea watoke kwanza na mtu mmoja, halafu wanaohitaji kushikwa, wasioweza kabisa waburutwe kwa shuka au godoro sakafuni, lifti hapana. Fundisheni kila mtu valvu ya oksijeni ya wodi iko wapi na nani ana ruhusa kuifunga, ukiifunga hovyo umeua walioko kwenye mashine.

Ndugu wakijaa tufanyeje?

Wapeni chumba au turubai, maji, na mtu mmoja wa kuwapa habari kila nusu saa hata kama habari ni kwamba hakuna jipya. Majeruhi wasiojulikana wapewe namba, sio kubahatisha majina, kumwambia mama mwanao yupo hai kumbe ni wa mwingine hakusameheki. Kwa waandishi awepo msemaji mmoja. Picha za majeruhi kwenye wasap za wafanyakazi ni marufuku na iandikwe.

Cheti kinatoa pointi za CPD (mafunzo endelevu ya kitaaluma)?

Kama kozi imetambuliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, ndio. Ulizeni kabla ya kulipa.

Manesi wenyewe baada ya tukio?

Wapewe chakula, usafiri na mapumziko ya kweli, zamu isiunganishwe. Wiki ile ya kwanza matroni aongee na kila mmoja, sio mkutano wa kupongezana. Anayeruka usingizini, anayekwepa emejensi, anayekunywa kuliko zamani, atafutiwe mtu wa kuongea naye na isiingie kwenye faili lake la kazi.

Hatuna bajeti ya mafunzo mwaka huu, tuanzie wapi?

Vitu vitano havihitaji bajeti ya mafunzo: ile karatasi ya kumpa nesi wa zamu mamlaka isainiwe, orodha ya simu isafishwe, kufuli za stoo zibadilishwe, sehemu ya kijani na sehemu ya nyekundu zichaguliwe na kuchorwa kwenye ramani ya hospitali, na zoezi la mezani lifanyike mara moja. Kadi za rangi katakata maboksi ya dawa, paka rangi, toboa tundu, funga uzi, andika namba 1 mpaka 50, zining'inie ukutani emejensi zilipo glovu.